Taa ya Ulinzi na Usingizi wa Jirani

(Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo)



Tunapotamka neno haki, fikira zetu hukimbilia mahakama, mashamba na mishahara. Leo naomba tutazame jambo dogo zaidi: taa inayomulika dirisha la jirani usiku kucha. Nalizungumza kwa kuwa mkosaji nilikuwa mimi.

Baada ya wezi kuruka ukuta wangu hapa Dar es Salaam, nilifunga juu ya paa taa ya LED ya wati 50. Sikujua kwamba taa ya namna hiyo yenye wati 9 tu hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Mimi nililala salama. Ng'ambo ya ukuta, mama mmoja mwenye umri wa mama yangu alitundika khanga mbili dirishani, akazuia mwanga na upepo pia, katika joto la Januari. Alivumilia miezi minne. Kila Jumapili tulisalimiana, nami nikadhani tuna amani. Kumbe ukimya si amani.

Siku moja nilipomwamkia alijibu, "Marahaba, mwanangu. Ila taa yako inalala kwangu." Niliona aibu, kisha hasira: je, anataka niibiwe? Hapo ndipo magomvi mengi ya mtaani huzaliwa. Mmoja anasema usingizi, mwingine anasikia wizi.

Ndugu zangu, madai yote mawili ni ya haki. Mtu anastahili kulindwa, na mtu anastahili kulala. Gizani mwili hutoa homoni ya melatonini, inayouandaa kwa usingizi. Mwanga mkali, hasa ule mweupe unaoelekea samawati, huipunguza.

Jioni ile nilikwenda uani kwake nikaitazama taa yangu. Ilinitia kiwi hata ukuta sikuuona. Nikatambua kwamba mwizi angeweza kusimama pale chini asionekane. Taa niliyoisifu kuwa mlinzi ilikuwa ikimficha adui.

Fundi aliiondoa, akafunga ndogo yenye mwanga wa manjano, chini kidogo, ikiinamia ua wangu, yenye kikinga cha bati upande wa jirani. Akaongeza kifaa kinachoiwasha mtu anapopita. Ulinzi haukupungua, na khanga zilirudi kabatini.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Kwanza, anayeumia aende mwenyewe, mapema, kwa maneno ya upole, kabla ya kumwendea mwenyekiti wa mtaa. Ndiyo njia tunayofundishwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: kumwendea ndugu faraghani kwanza. Pili, mwenye taa asijitetee kabla hajasimama upande wa pili wa ukuta. Tatu, wasipoelewana, kiongozi awakutanishe usiku, taa ikiwaka. Shauri la mwanga haliamuliwi mchana.

Yule mama alinitendea wema mkubwa aliposema. Laiti ningekuwa jirani wa kuambiwa tangu usiku wa kwanza. Hebu kila mmoja wetu leo usiku atoke nje, ajiulize taa yake inalala kwa nani.