Tandiko la Kupoza Mbwa wa Boma



Leo sizungumzii ng'ombe wala mbuzi. Namzungumzia anayewalinda. Fisi akikaribia zizi usiku, wa kwanza kujua ni mbwa. Lakini mbwa aliyeshinda kwenye joto kali bila pa kupoa huchoka, na usiku halindi vizuri. Akizidiwa kabisa, hufa mchana huo huo, na zizi linabaki bila mlinzi.

Mtu akisikia joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hawezi, jasho lake ni kidogo, tena la kwenye nyayo tu. Njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema ulimi ukiwa nje. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41, maisha yake yako hatarini. Mnajua Januari na Februari zilivyo hapa Simanjiro, na kwa wenzetu wa Longido na Monduli. Weka mgongo wa kiganja chako ardhini mchana. Ukishindwa kuuacha hapo huku unahesabu moja hadi saba, basi na nyayo za mbwa zinaungua.

Sasa ukumbuke mtungi wa udongo. Maji yake ni baridi kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka huchukua joto linalozidi lile la kuchemsha lita tano. Tandiko ninalowafundisha linafanya kazi hiyo hiyo.

Mahitaji

Gunia moja la katani, kanga au shuka kuukuu la pamba, ndoo ya lita 10 ya mchanga safi wa korongoni, sindano ya magunia na uzi wake, kamba, na vijiti vilivyonyooka. Kiroba cha plastiki hakifai, hakinywi maji. Gunia lililobeba mbolea, dawa ya shambani au mbegu zilizopakwa dawa liache kabisa. Mbwa hujilamba, na sumu itamwingia.

Namna ya kushona

1. Kunja kanga mara mbili, shona chini na ubavuni upate mfuko. Uwe mdogo kidogo kuliko gunia, uingie bila kujikunja.

2. Shona mistari miwili kutoka chini hadi mdomoni, mfuko ugawanyike sehemu tatu ndefu. Bila mistari hiyo mchanga wote utakimbilia upande mmoja. Mishono iwe karibu karibu, la sivyo mchanga utavuja.

3. Mchanga ni mzito, kwa hiyo jazia pale pale tandiko litakapokaa: penye kivuli cha mchana kutwa na upepo. Unene wa kidole gumba unatosha. Funga mdomo kwa mishono mirefu, maana utaufungua tena.

4. Ingiza mfuko ndani ya gunia, funga kwa kamba.

5. Laza vijiti chini, kisha tandiko juu yake, ili upepo upite pande zote.

Matumizi

Saa tano asubuhi mwagia lita 3. Saa nane gusa. Likikauka, ongeza kidogo. Liwe na unyevu, lisitote. Najua mtaniambia maji ya watu yenyewe hayatoshi. Tumia yaliyosuuzia vyombo au mboga, yasiyo na sabuni. Maji ya kunywa ya mbwa yawe safi, kando ya tandiko.

Mbwa usimfunge hapo. Aende na kurudi apendavyo. Wala usimfunike kwa gunia bichi, maana joto litashindwa kutoka. Gunia linalalwa, halifunikwi.

Kila wiki mwaga mchanga uanikwe juani kutwa, na chovya kanga na gunia kwenye maji ya moto, viroboto wasifanye makazi.

Akizidiwa na joto

Utamwona anahema kwa nguvu bila kutulia, ute mzito unamtoka, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba. Tandiko peke yake halitamwokoa hapo. Mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni, mapajani na nyayoni, mpepee. Anywe mwenyewe kidogo kidogo, usimmiminie mdomoni. Kisha niiteni, hata akionekana amepona.

Lakini angalieni sana. Mbwa anayetoka ute na kuyumba ilhali hakuwa kwenye joto, au aliyebadilika tabia, au anayeuma ovyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Huyo msimguse. Waondoeni watoto, mniite haraka. Akimuuma mtu, oshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri dalili, kwa maana zikishaanza, ugonjwa huu huua.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Gunia lililochakaa nyumbani msilichome, lishoneni. Na siku ya chanjo, mbwa wote wa boma waletwe, hata wale wadogo. Anayelinda mali yako usiku, mtafutie pa kupumzika mchana.