Njia za Miguu na Baiskeli katika Mji wa Nairobi

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya njia za watu waendao kwa miguu na kwa baiskeli, toka vitongoji vya magharibi hadi katikati ya mji. Huenda mtu akaliona jambo hili dogo mbele ya kodi za nyumba, karo za shule na gharama za matanga, ambazo ndizo hujaza daftari letu. Lakini hesabu za usafiri zilizofanywa Nairobi zaidi ya mara moja zimeonyesha kwamba kadiri ya safari 4 katika kila 10 hufanywa kwa miguu. Pamoja na magari yake yote, mji huu ni mji wa watembeao.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya njia hizi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji ulipokua Wazungu walijitengea miinuko ya magharibi yenye hewa baridi, na Waafrika wakawekwa mashariki. Kangemi, Kawangware na Riruta zilikuwa ndani ya rizavu ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji, mpaka mwaka 1963. Kila alfajiri wapishi, watunza bustani na wauza mboga walishuka mabondeni wakapanda upande wa pili kwenda Lavington, Kileleshwa na Kilimani. Hakuna mpimaji aliyewachorea njia. Walivuka Mto Nairobi, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo pale maji yalipokuwa haba, na nyayo zao zikawa ramani. Wajukuu wao wazifuata njia hizo hizo hata leo.

Nazo zinafungwa moja moja. Nyumba za zamani zenye bustani pana zinabomolewa, viwanja viwili vitatu vinaunganishwa, jengo la flati laota, na kichochoro kilichopita katikati chamezwa na ukuta wa mawe. Mwenye kiwanja pengine hakujua kuwa palikuwa na njia, maana haikuandikwa popote. Mwanachama wetu mmoja, fundi wa kushona, alikuwa akitoka Kawangware hadi kwa wateja wake Kilimani kwa mwendo wa muda wa saa moja. Njia yake ilipozibwa, mwendo ule umezidi kwa karibu nusu saa, na sehemu kubwa yake ni kando ya barabara ya magari. Mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda, naye hana budi kutembea matopeni.

Hatusemi hakuna lililofanyika. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilitangaza sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili hiyo. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilipunguziwa magari na kupanuliwa njia za miguu, na baadaye Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu na Wabera zikatandikwa kabro nzuri. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa, nayo ilipata njia ya baiskeli. Lakini mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27, toka Mlolongo hadi Westlands, ambayo mtu wa miguu wala wa baiskeli haruhusiwi kuikanyaga. Katikati ya mji pamepambwa, lakini mtu wa Kangemi hufika hapo akiwa amekwisha kupita mitaro isiyofunikwa na pikipiki zinazopanda njia ya miguu. Kabro ya mjini yamfaa nini ikiwa kilomita saba za kwanza ni bahati nasibu? Mwaka 2023 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na kadiri ya theluthi moja walikuwa wakienda kwa miguu.

Tuonavyo sisi, kosa liko katika mpango wa kazi. Majengo hutangulia, barabara ya magari ikafuata, na mtembeaji akaachiwa masalio. Wazee waliopata kuishi Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, watakumbuka jinsi nyumba zilivyopangwa kuzunguka viwanja vya wazi, na jumba la mikutano katikati, mtoto akafika huko kwa miguu. Serikali ile haikutupenda, twajua, lakini kazi hiyo waliifanya vizuri. Hivyo ndivyo ingepasa huku magharibi: njia kwanza, kisha shule, zahanati, soko na steji juu ya njia hiyo, na flati zije baadaye zikiwa na milango inayoielekea.

Na pahali papo. Kanuni zataka ukingo wa mto uachwe wazi, toka mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya upana wa mto. Mto Nairobi watoka upande wa Kawangware, wapita Kileleshwa na Chiromo, hadi Museum Hill, ambapo Bustani ya Michuki imekwisha kuonyesha kuwa ukingo uliokuwa jaa la taka waweza kuwa matembezi ya watu. Njia ya kingo hizo ingehitaji madaraja imara na taa, kwani mama atokaye kazini saa mbili usiku hatapita gizani. Tena tuangalie sana, njia isiwe kisingizio cha kuwafukuza maskini bila kuwapa makao, kama wengi walivyobomolewa baada ya mafuriko ya 2024.

Sheria ya Ardhi ya 2012 yaruhusu chama au kundi la watu kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi itambue njia ya umma. Kwa hiyo twaomba mkutano huu uteue wazee sita wazijuao njia za zamani, na vijana sita wenye baiskeli, wazipite zote kabla ya mvua za Machi, waandike zilipoanzia, zilipovuka mto na zilipozibwa. Daftari la kuandikia tumekwisha kulinunua, nalo liko mezani kwa Bwana Mweka Hazina.