Mwalimu na Ulimi Wake Darasani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa Chama, Dagoretti)



Halmashauri iliniomba niseme juu ya jambo ambalo limeletwa mezani kwake zaidi ya mara moja mwaka huu, nalo ni hili: mwalimu ana ruhusa ya kusema nini mbele ya watoto wetu, na mpaka wa ruhusa hiyo uko wapi? Wako miongoni mwenu walio katika bodi za shule, nao ndio hufikiwa kwanza na mzazi mwenye hasira. Wako na walimu, wengine wamekwisha kustaafu, wanaojua jinsi moyo unavyompiga mtu aitwapo ofisini bila kuambiwa sababu. Nitajaribu kusema na pande zote mbili kwa pamoja, ijapokuwa najua kwamba hazitafurahishwa na maneno yale yale.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mfano mkubwa ulitokea katika vijiji hivi hivi vyetu mwaka 1929, na wengi wenu mliusikia kwa vinywa vya babu zenu. Wakati huo Dagoretti ilikuwa katika Wilaya ya Kiambu, wala haijaingizwa katika mji wa Nairobi. Shule nyingi za vijijini zilikuwa shule ndogo za Misheni ya Kanisa la Scotland, ambayo makao yake yalikuwa Thogoto. Misheni hiyo, chini ya Daktari John Arthur, ilikuwa imeipiga vita tohara ya wasichana kwa miaka mingi. Ugomvi ulipozidi mwaka ule, wazee wa kanisa na walimu walitakiwa watie sahihi, au alama ya kidole gumba kwa asiyeandika, katika karatasi ya kuikana tohara hiyo, na pamoja nayo kukikana chama cha siasa, Kikuyu Central Association. Hiyo ndiyo iliyoitwa kirore. Mwalimu aliyekataa, kazi yake ilikwisha.

Nawaomba mwiangalie vizuri karatasi hiyo, maana ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja. Tohara ni jambo moja, na chama ni jambo jingine kabisa. Tena mwalimu hakuulizwa, “Unawafundisha nini watoto darasani?” Kama angeulizwa hivyo, ingekuwa haki ya aliyemwajiri. Aliulizwa anaamini nini moyoni mwake, na anakaa kikao na watu gani jua likisha kuchwa. Alitakiwa aiweke dhamiri yake juu ya meza ya ofisi, iandikwe, itiwe alama, ihifadhiwe kabatini.

Matokeo mnayajua. Watoto walitolewa shuleni kwa makundi, na madarasa mengine yakabaki na walimu na viti. Watu wakaitwa kwa majina mawili, waliotia kirore na waliokataa, na ukoo mmoja ukawa na watu wa pande zote mbili. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisheni na machifu, ukapigwa marufuku mwaka 1930. Wale waliokataa wakakusanya senti zao, wakajenga shule zao wenyewe: huku kwetu zikawa shule za Karing’a, na upande wa Murang’a na kwingineko zikawa za chama kingine, Kikuyu Independent Schools Association. Kutokana na Karing’a wengi wakaingia katika Kanisa la Orthodoksi, ambalo seminari yake iko Riruta mpaka leo. Kwa hiyo mtu akipita katika mitaa yetu akaona kanisa la Presbiteri hapa na la Orthodoksi pale, asidhani kwamba ni mambo ya ibada tu. Sehemu ya chanzo chake ni karatasi iliyowekwa mbele ya mwalimu.

Sasa nitasema neno ambalo pengine halitawapendeza baadhi ya wazee wangu, na radhi yao naiomba mapema. Juu ya jambo lenyewe la tohara ya wasichana, naona kwamba Misheni ilikuwa na haki. Kilichokatwa kilikuwa mwili wa mtoto, na damu iliyomwagika ilikuwa yake. Leo sheria ya nchi yetu, iliyotungwa na Bunge letu wenyewe mwaka 2011, inaikataza tohara hiyo na kuiadhibu. Lakini juu ya njia iliyotumika, Misheni ilikosea vibaya sana. Ilikuwa na neno la kweli mkononi, ikalitumia kama rungu, na watu wakalikimbia neno pamoja na rungu. Mwalimu aliyekataa kutia kidole gumba huenda binti zake mwenyewe hakuwapeleka kutahiriwa. Yeye alikataa kuamriwa namna ya kukiri.

Tulinganishe na mambo ya juzi. Daktari mmoja, Tatu Kamau, alikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo ya 2011. Alisema aliyotaka kusema, akajibiwa, na mwaka 2021 Mahakama ikalikataa ombi lake. Sheria ikabaki imara. Hakuna aliyemtaka atie alama ya kidole kwanza ndipo asikilizwe.

Wala tusidhani kwamba ubaya ulikuwa wa upande mmoja. Mimi hujiuliza: katika shule ya Karing’a ya mwaka 1935, mwalimu ambaye angesimama mbele ya watoto na kusema kwamba tohara ya wasichana ina madhara, je, angeendelea kushika chaki hadi mwisho wa muhula? Sidhani. Waliokataa karatasi ya wengine nao walikuwa na karatasi yao, ila haikuandikwa. Mwaka 1936 wakuu wa shule hizi za kujitegemea na Idara ya Elimu walikutana katika Shule ya Jeanes, Kabete, wakazungumza juu ya mtaala na ukaguzi, na hayo yalikuwa mazungumzo ya watu wazima. Lakini baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Serikali ilianza kuzifunga shule hizo, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939. Nyingine zilitiwa chini ya bodi za Serikali. Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyekuwa mtoto katika shule ya Karing’a ya Manguo, Limuru, ameandika jinsi mambo yalivyobadilika: lugha ya nyumbani ikageuka kosa, na mtoto aliyeisema akaadhibiwa. Mwalimu yule yule aliyeruhusiwa jana kulisema neno la Kikuyu, leo aliambiwa amchape mtoto kwa neno hilo hilo.

Jirani zetu Watanganyika nao walionja. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Wakatoliki ya Pugu, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa TANU. Aliambiwa achague moja, ualimu au siasa. Akaacha ualimu, ingawa jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake. Katika jambo hilo siwalaumu sana wenye shule ya Pugu, wala yeye simlaumu. Hawakumtaka aape uwongo. Walimwonyesha njia mbili, akaishika mojawapo kwa miguu yake. Hiyo ni tofauti kubwa na kirore.

Baada ya Uhuru tungetazamia kwamba mambo hayo yamezikwa. Hayakuzikwa. Ngũgĩ huyo huyo, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka 1977, akakaa karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Mwaka 1982 walimu wengine wa vyuo vikuu walikamatwa, miongoni mwao Willy Mutunga, ambaye baadaye, mwaka 2011, alikuwa Jaji Mkuu wa nchi hii. Sheria ya uchochezi, iliyorithiwa kwa wakoloni, ilikaa vitabuni hadi 1997. Mwalimu wa kijijini aliyaona hayo akajifunza kunyamaza. Akasoma kitabu kama kilivyo, akaandika ubaoni, akaenda zake. Wengi wenu mlifundishwa na watu wa namna hiyo, mkadhani ni watu wasio na la kusema.

Leo Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri katika kifungu cha 32, na uhuru wa kusema katika kifungu cha 33. Mwalimu ni mtu, kwa hiyo umo wake. Kifungu hicho cha 33 chenyewe kimeweka mpaka: hakuna uhuru wa kueneza chuki wala kuchochea watu wapigane. Tena sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 2011 inamkataza mtumishi wa umma kushika cheo katika chama au kuingia katika siasa kwa namna itakayotia shaka juu ya kutopendelea kwake. Mwalimu anayelipwa na Tume ya Kuajiri Walimu amo humo.

Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila darasa. Kwa hiyo nitasema ninavyoona mimi. Mpaka wa ulimi wa mwalimu hauwekwi na yule amlipaye, awe misheni, Serikali, chama au wazazi. Unawekwa na mtoto aliyeketi mbele yake. Mtoto huyo hakuchagua kuja. Hawezi kuinuka akatoka nje maneno yakimchukiza, kama sisi tuwezavyo kutoka katika mkutano huu. Hawezi kumjibu mwalimu sawa kwa sawa, maana mwalimu ndiye atakayemsahihishia karatasi. Maneno ya mtu mwenye uwezo kiasi hicho juu ya msikilizaji wake hayawezi kupimwa kwa mizani ile ile ya maneno ya sokoni.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa historia anayewaeleza watoto habari za kirore, akataja makosa ya Misheni na makosa ya Karing’a, hajavunja lolote, hata kama mjukuu wa mmoja wa waliotajwa ameketi katika dawati la mbele akarudi nyumbani akilia. Ukweli uliothibitika si tusi. Mzazi atakuja amekunja uso; na akaribishwe, apewe kiti, aonyeshwe kitabu. Kama mwalimu amekosea tarehe au jina, na asahihishe mbele ya watoto wale wale. Lakini asiondolewe kwa sababu habari ni chungu.

Ni tofauti kabisa na mwalimu anayewaambia watoto ni nani wazazi wao wampigie kura. Hapa sina huruma naye. Mnakumbuka mwezi wa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, jinsi Kawangware ilivyowaka, maduka na nyumba zikateketea na watu wakafa. Katika madarasa yetu mna watoto wa Kikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakisii, wamebanana katika dawati moja. Neno moja la dharau juu ya kabila fulani likisemwa na mwalimu saa nne asubuhi, jioni limekwisha kufika kwenye vibanda vya mboga na stendi ya matatu, nalo limeongezwa chumvi. Na mtoto wa kabila lililotajwa, ambaye kesho yake hana budi kurudi kuketi pale pale, nani atamwondolea neno hilo sikioni?

Mtanikatiza mseme: na mtoto akiuliza mwenyewe, “Mwalimu, wewe unamtaka nani?” Swali hilo huulizwa, tena kila mwaka wa uchaguzi. Naona mwalimu amjibu kwamba kura ni ya siri, kisha amweleze siri hiyo imewekwa kwa sababu gani. Hapo atakuwa amefundisha uraia kuliko kitabu kizima. Jioni, akiwa kwake, akitaka kuhudhuria mkutano wa hadhara au kuandika gazetini juu ya mishahara ya walimu, huo ni wakati wake na ulimi wake. Tusimfuate huko na daftari.

Nimefika kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama. Barua ikipelekwa kwa Tume juu ya mwalimu, si jambo dogo. Mwalimu aweza kusimamishwa kazi, akapewa siku 21 za kujitetea kwa maandishi, na wakati wote huo watoto wake mwenyewe wanakula na kudaiwa karo. Kwa hiyo naiomba Halmashauri ikubali kwamba mjumbe wetu yeyote aliye katika bodi ya shule asitie sahihi yake katika barua ya namna hiyo kabla mwalimu hajaitwa na kusikilizwa, na kabla maneno yenyewe aliyoyasema hayajaandikwa kama yalivyosemwa, si kama yalivyosimuliwa. Watoto wasihojiwe mmoja mmoja na watu wazima watano. Tena, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, mwalimu asitakiwe kamwe kutia sahihi karatasi ya kuahidi ataamini nini au hataamini nini. Aulizwe alilolitenda darasani, basi.

Mfano wa karatasi ya kuandikia malalamiko, wenye nafasi ya maneno ya mwalimu mwenyewe, nimemwachia Bwana Katibu. Wanaotaka kuusoma watauona kwake baada ya chai, na wenye marekebisho wamwandikie kabla ya kikao kijacho cha Halmashauri.