Mguu Usiosikia Maumivu

Hotuba iliyotolewa katika Juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Kamati ya Jubilei imenipa kusema juu ya huduma ya uuguzi. Majengo ya zahanati na hospitali zetu wengine watayaeleza. Mimi nimechagua jambo linaloonekana dogo, lakini ni zito kwao walio nalo: ngozi ya mgonjwa wa kisukari, na hasa unyayo wake.

Ili tulielewe jambo hili, yatupasa kuanzia kwa ukoma. Kwa vizazi vingi watu waliamini kwamba nyama ya mkoma huoza na kudondoka yenyewe. Mwaka 1946 daktari mpasuaji Paul Brand, mwana wa wamisionari wa Kiingereza, alianza kazi katika hospitali ya Vellore, India ya kusini. Aliwachunguza wagonjwa wake kwa subira, akaona kwamba vidole vyao vilipotea kwa sababu havikusikia maumivu. Mgonjwa alishika sufuria ya moto asijue. Alitembea juu ya kidonda siku nzima asichechemee. Ndipo ilipodhihirika kwamba maumivu, ambayo sisi huomba kila siku yaondolewe, ni mlinzi tuliyepewa na Muumba. Katika miaka ya 1960 Dkt. Brand alihamia Carville, Louisiana, Marekani, na huko maarifa yale yaliyotoka kwa wakoma yakawafaa wagonjwa wa kisukari.

Kwa maana kisukari nacho huua mishipa ya fahamu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, miguu huingia ganzi, na mishipa ya damu hupungua upana. Jasho hukoma, ngozi ya kisigino hukauka na kupasuka, na vijidudu hupata mlango. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa walioumwa miguu na panya usiku, kwa sababu mguu haukuwaamsha. Mara nyingine ngozi hutoa taarifa mapema, kabla mtu hajajua kwamba ana kisukari: majipu yanayorudi rudi, fangasi zisizokoma, muwasho sehemu za siri, weusi mzito shingoni na kwapani. Mwenye dalili hizo na akapimwe sukari.

Basi, uuguzi wa mguu usiosikia ni kuupatia macho ya kuulinda. Kila jioni miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, yakipimwa kwa kiwiko au na mtu mwingine mwenye afya. Isilowekwe muda mrefu. Ikaushwe vizuri, hasa katikati ya vidole. Mafuta yapakwe juu ya mguu na kisiginoni, yasipakwe katikati ya vidole. Unyayo utazamwe wote. Asiyeweza kujiinamia atumie kioo, au mjukuu amtazamie. Kucha zikatwe kwa kunyooka, wala sugu isichongwe kwa wembe. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na mgonjwa asitembee peku hata ndani ya nyumba, wala asiote miguu motoni. Likionekana lengelenge au jeraha, lisafishwe kwa maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu upumzishwe, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja liume. Halitauma. Hapo ndipo wengi wetu hupotezwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza hapa Tanzania mradi ulioitwa Step by Step, ambao uliwafundisha daktari na muuguzi pamoja kuutunza mguu wa mwenye kisukari. Na pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Msaada upo, ila mara nyingi mgonjwa hufika amechelewa, na mguu hukatwa.

Kwa nini huchelewa? Ndugu zangu, hapa niruhusuni niseme kama mchungaji. Wengine huambiwa kwamba wamekanyaga kitu walichotegewa, nao hutumia miezi kumtafuta adui badala ya daktari. Wengine huona haya kwa sababu ya harufu ya kidonda. Kwanza hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, kisha hawaji tena ibadani, na sisi hatuulizi. Tena wapo walioambiwa baada ya maombi kwamba wameponywa, waache insulini. Insulini ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, mjini Toronto, Kanada. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na kisukari kinachoihitaji alikuwa hana tumaini la kuishi. Anayemnyang'anya mtu dawa hiyo kwa jina la Mungu anamnyang'anya uhai. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Bwana akamsikia. Lakini nabii yule yule aliyemletea habari njema ndiye aliyeagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake. Sala na dawa vilikuja kwa mjumbe mmoja.

Kwa hiyo naomba jambo moja liwe ukumbusho wa Jubilei hii. Kila jumuiya iwafahamu wagonjwa wake wa kisukari. Idara ya Diakonia ikishirikiana na wauguzi walio kati yetu iwafundishe watu wawili katika kila jumuiya kukagua miguu. Ibada ya nyumbani ikiisha, beseni liletwe, mzee avuliwe viatu, na unyayo wake utazamwe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka mbali. Bwana wetu aliifanya usiku ule alipotwaa kitambaa na kujifunga kiunoni, wala hakuiona kuwa ni ya kumshushia heshima.

Mungu aubariki usharika wetu, awabariki wauguzi wetu, na awakumbuke walio vitandani leo. Amina.