Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria: Mada kwa Walimu wa Sayansi wa Kericho na Bomet

Mgonjwa mwenye homa anapofika zahanati, hutobolewa kidole, na tone la damu hutiwa kwenye kipimo cha haraka cha plastiki pamoja na matone machache ya dawa. Baada ya dakika 15 hadi 20 hivi, mhudumu huangalia mistari. Mstari kwenye herufi C huonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Ukitokea wa pili kwenye T, malaria ipo. Mistari yenyewe ina rangi ya damu ya mzee, na wengi huamini ni damu ya mgonjwa iliyoganda hapo. Kumbe ni dhahabu.

Kericho ina kila sababu ya kuijua habari hii. Kwa kuwa mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, watu walizoea kuhesabu malaria kuwa ugonjwa wa mabondeni, lakini katika miaka ya 1990 ulizuka tena na tena kwenye mashamba ya chai. Watafiti walibishana kwa miaka mingi: je, ni joto lililoongezeka, au klorokwini iliyopoteza nguvu? Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, na pasipo na hadubini ni kipimo hiki kinachotegemewa.

Basi dhahabu ya njano inakuwaje nyekundu? Chembe zinazotumika aghalabu zina upana wa nanomita 40 hivi. Unywele mmoja una kama 80,000. Katika chembe ndogo kiasi hicho, mwanga huzitikisa elektroni za dhahabu zote kwa pamoja, na mtikiso huwa mkali zaidi kwenye mwanga wa kijani, karibu nanomita 520 hadi 530. Kijani kikishamezwa, jicho linabaki na wekundu. Chembe moja humeza mwanga mwingi kuliko molekuli ya rangi ya kawaida kwa zaidi ya mara elfu, tena haipauki. Ndiyo maana mstari mwembamba tu unaonekana kwa macho, bila betri wala mashine.

Ukubwa si jambo pekee. Umbali kati ya chembe nao huamua rangi. Mwaka 1857 Michael Faraday aliueleza umma wa wanasayansi wa London kuhusu maji yake mekundu ya dhahabu, na jinsi chumvi kidogo ilivyoyageuza kuwa buluu. Chumvi huziondolea chembe ule msukumano wa chaji unaozitenganisha. Zikikaribiana, mtikiso wao huhamia kwenye mwanga mwekundu. Badiliko hilo hutokea mbele ya macho, na hakuna somo la mawimbi linaloeleweka upesi kama hili.

Hapa ndipo chai inapoingia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walichapisha namna ya kutengeneza chembe hizi za dhahabu kwa kutumia majani ya chai. Polifenoli, zilezile zinazoipa chai ukali wake ulimini, huipa chumvi ya dhahabu elektroni hadi iwe dhahabu halisi, kisha hujipaka juu ya chembe na kuzizuia zisigandamane. Mwanafunzi anayejua chai kwa uzito wa majani yanayopelekwa kiwanda cha Kapkoros au Tirgaga, na kwa bonasi ya mwaka, anastahili kuijua hivyo pia. Miligramu chache za chumvi ya dhahabu zinatosha darasa zima, ila glavu ni lazima: inaunguza ngozi na kuacha doa la zambarau.

Matumizi mengine yanaendelea. Chembe zilizoundwa kwa tabaka humeza mwanga wa infraredi unaopenya nyama ya mwili, na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 16 wa saratani ya tezi dume waliotibiwa nchini Marekani kwa joto la chembe hizo.

Kipimo cha malaria nacho kina shida inayohitaji macho. Vipimo vingi husaka protini iitwayo HRP2, na vimelea vingine, hasa vilivyogunduliwa Eritrea, vimepoteza jeni yake. Kwao mstari wa T huenda usitokee hata mgonjwa akiwa hoi. Dhahabu haina kosa hapo. Kingamwili zilizobandikwa juu yake ndizo zinazokosa cha kushika, na vipimo vinavyosaka protini nyingine, pLDH, vinaweza kuvinasa vimelea hivyo kwa chembe zilezile nyekundu.