Waliobaki Nyumbani: Raia na Biashara za Nairobi katika Vita Kuu ya Pili, 1939–1945

Mada ya semina ya historia ya mitaa ya Eastlands, Mukuru kwa Njenga

1. Chimbuko

Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939, Kenya iliingia vitani siku hiyohiyo kwa kuwa ilikuwa koloni. Wakazi wake wengi hawakuulizwa. Waafrika takriban 98,000 kutoka Kenya walivaa sare kabla ya vita kwisha, wengine wakapigana Uhabeshi na Burma. Nyuma yao walibaki wakulima, vibarua, makarani, wenye maduka na wenye viwanda, na kazi yao ilikuwa kulisha jeshi, kulivisha na kulipatia malighafi.

Utaratibu wa kuchukua nguvu za raia haukuanza mwaka huo. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya wanaume walikamatwa vijijini wakawa wapagazi wa Carrier Corps, na waliokufa kwa kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariokor limetokana na kikosi hicho. Walioishi Eastlands mwaka 1939 walikuwa na wazee waliokumbuka vizuri maana ya kuitwa na chifu kwenda "kusaidia serikali".

2. Michango ya hiari

Kulikuwa na michango iliyotolewa kwa moyo. Mifuko ya fedha za vita ilichangiwa na watu wa rangi zote, kuanzia walowezi hadi watu wa hifadhi za Waafrika, ingawa pale chifu aliposimama na daftari mbele ya baraza, hiari ilikuwa na mipaka yake. Wanawake wa Kizungu walikuwa wameunda shirika lao la dharura tangu 1938, na baadhi yao wakaingia kazi za udereva, ukarani na mawasiliano ya jeshi.

Habari nazo zilihitaji msambazaji. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, likihaririwa na Francis Khamisi. Lilieneza habari za vita zilizoifaa serikali, lakini pia liliwazoesha wasomaji wa Nairobi kujadili mambo ya dunia katika lugha yao. Wakati huohuo milango ya siasa ilifungwa: chama cha Kikuyu Central Association kilipigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na vyama vya Ukamba na Taita.

3. Kazi kwa amri

Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Waingereza na washirika wao walipoteza vyanzo vikubwa vya nyuzi za kamba. Mkonge wa Afrika Mashariki ukawa bidhaa ya vita. Pareto nayo ilitakiwa kwa dawa ya kuua mbu na chawa waliosumbua majeshi, na kabla ya hapo Japani ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa wa zao hilo.

Mashamba ya mazao hayo yalikuwa mali ya watu binafsi, na vibarua hawakuyakimbilia kwa sababu ujira ulikuwa mdogo. Kuanzia mwaka 1942 serikali iliruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi katika mashamba yaliyotajwa kuwa muhimu kwa vita. Kibarua aliandikishwa kupitia chifu wake, akapelekwa shambani, na akitoroka alishtakiwa. Kwa hiyo jasho lililoitwa mchango wa vita liliingia pia katika faida ya mwenye shamba.

Vijijini, pengo la wanaume lilizibwa na wanawake. Wao ndio waliolima, waliovuna na waliouza, na juu ya hayo waliitwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Fedha zilizokatwa kwenye mshahara wa askari na kutumwa kwa jamaa zake zilisaidia, lakini zililipwa kupitia ofisi ya wilaya na mara nyingi zilipokelewa na baba au kaka wa askari, mke akabaki kuomba.

4. Mahindi, nyama na mboga

Chakula ndicho kilichogusa kila nyumba. Jeshi lilihitaji unga na nyama, na maelfu ya mateka wa Kiitalia walioletwa Kenya baada ya ushindi wa Uhabeshi mwaka 1941 walihitaji kula pia. Mwaka 1942 serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi: nafaka iliuzwa kwa wakala wa serikali peke yake, kwa bei iliyopangwa. Mlowezi alihakikishiwa bei nzuri na kukopeshwa. Mkulima Mwafrika alilipwa kidogo zaidi kwa gunia la mahindi yaleyale.

Mvua za vuli za 1942 zilipokosekana, ghala zilikuwa zimepungua na meli za kuleta nafaka hazikupatikana. Njaa ya 1943 iliitwa na Wakikuyu Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya muhogo, kwa kuwa unga wa muhogo ndio uliopatikana. Nairobi, kibarua aliyezoea posho ya unga wa mahindi kutoka kwa tajiri wake alipunguziwa mgao. Magendo yakashamiri: mahindi yalipita usiku kutoka hifadhini hadi mjini, yakauzwa kwa bei kubwa kuliko ile ya serikali. Tume ya uchunguzi wa upungufu wa chakula iliundwa mwaka huohuo.

Ng'ombe nao waliuzwa kwa lazima, kila wilaya ya wafugaji ikipangiwa idadi ya kutoa. Mboga zina kisa cha namna yake. Huko Karatina kilijengwa kiwanda cha kukausha viazi, karoti na kabeji kwa ajili ya wanajeshi. Wakulima wadogo wa Nyeri waliitikia wenyewe, kwa kuwa kiwanda kilikuwa karibu na kililipa taslimu. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, na wakulima waliotaka kukinunua wakakataliwa.

5. Viwanda vya Nairobi

Meli zilipopungua, bidhaa za Uingereza ziliadimika, na serikali ikalazimika kuruhusu viwanda ambavyo awali haikuvitaka. Bodi ya vifaa vya vita iliratibu uzalishaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na bodi ya viwanda iliyofuata ilianzisha utengenezaji wa matofali ya tanuri, kemikali na mafuta. Mradi huo ndio uliozaa kampuni ya East African Industries, ambayo baadaye ilichukuliwa na Unilever. Karakana za reli, zenye mafundi wengi wa Kihindi na Waafrika, zilitengeneza vifaa vya jeshi pamoja na mabehewa.

Viwanda viliongeza watu mjini bila kuongeza vyumba. Hesabu ya watu ya 1948 ilikuta Nairobi ina wakazi karibu 119,000. Kaloleni ilijengwa katika miaka hiyo ya 1940, lakini haikutosha. Mukuru kwa Njenga haukuwapo bado. Uliota baadaye pembeni mwa eneo la viwanda, kwa sababu ileile ya vibarua kukosa makazi karibu na kazi.

6. Hesabu baada ya vita

Mwaka 1945 walowezi walikuwa na mashamba yenye mashine na madeni yaliyopungua, na wanajeshi wa Kizungu waliostaafu walipewa ardhi katika Nyanda za Juu. Askari wa Kiafrika walirudi na akiba ndogo. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulidai mishahara iliyolingana na gharama za maisha zilizopandishwa na vita, na mwaka huohuo wakulima wa Murang'a walikataa kuchimba mitaro.

Udhibiti wa mahindi ulioletwa kama hatua ya dharura haukuondolewa amani ilipokuja. Ulipitia bodi mbalimbali hadi ukawa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ambayo makao yake makuu yako katika eneo la viwanda la Nairobi.