Mgombea Akisema Ametubia



Kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa: yaliyopita si ndwele, mtu ametubia, mwacheni. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, naye Mola akaisitiri, kweli si yetu kuifukua. Lakini mali ya umma ni haki ya waja, na wanazuoni wameweka wazi kwamba toba ya haki ya waja haitimii mpaka kilichochukuliwa kirejeshwe kwa wenyewe. Basi tuulize: karejesha nini?

Wengine huogopa kusengenya, na hofu hiyo ni njema. Hata hivyo Imamu Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu, na miongoni mwao akamweka mwenye madaraka asiyeyatekeleza ipasavyo. Uvumi wa barazani haumo.

Hapa Kenya, Ibara ya 99 ya Katiba ya 2010 humzuia aliyetumia vibaya ofisi ya umma asiwanie ubunge, ila si kabla ya rufaa zote kwisha. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliidhinisha kung'olewa kwa gavana wa zamani wa Nairobi, aliyeondolewa na Seneti mwaka 2020, naye akakosa kuwania ugavana wa Mombasa. Huyo rufaa zake zilikwisha. Ambaye kesi yake ingali ikiahirishwa, jina lake tutalikuta kwenye karatasi ya kura, na hapo hakuna hakimu ila sisi.